Si kila asiyeambukizwa ana damu ngumu

Hakuna kliniki ya VVU Afrika Mashariki isiyowajua wanandoa hawa: mmoja ana virusi, mwenzake hana, na wameishi pamoja miaka mitatu au minne kabla ya kupima. Majibu yakitoka, maelezo ya mtaani huwahi kufika kuliko ushauri wa mhudumu. Damu yake ngumu. Ni kundi O. Ukoo wao hauugui. Yule mwenye majibu hasi huondoka akiamini mwili wake una kitu ambacho wengine hawana, na hapo ndipo anapoanza kuacha kondomu, kukwepa kupima tena na kuona dawa kinga ni za wengine.

Kinga ya kurithi dhidi ya virusi ipo kweli. Imethibitishwa maabara, na sehemu ya tunayoyajua kuihusu ilitoka kwenye damu za wanawake wa Nairobi. Lakini ni adimu, kila moja hulenga kirusi chake, na mara nyingi ina bei yake. Anayetaka kudai kuwa anayo, aondoe kwanza maelezo mepesi. Maelezo mepesi kuliko yote ni hesabu.

Utafiti wa Rakai, kusini mwa Uganda, uliochapishwa 2001, ulifuatilia wanandoa 174 ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana, enzi ambazo ARV zilikuwa hazijafika vijijini. Wastani wa maambukizi ulikuwa 0.0011 kwa kila tendo la ndoa, yaani mara 1 katika matendo kama 900. Chukua wanandoa wanaokutana mara 100 kwa mwaka. Zidisha 0.9989 kwa yenyewe mara 100, unapata karibu 0.90. Kwa hiyo, katika watu 100 wa aina hiyo, 90 wanamaliza mwaka wa kwanza bila virusi. Endelea hadi miaka mitano, matendo 500, na bado 58 wako salama. Hakuna jeni yoyote iliyowalinda hao 58.

Tena huo ni wastani, na wastani huficha mengi. Uchambuzi mwingine wa Rakai, wa 2005, ulionyesha kwamba katika miezi kama miwili na nusu ya mwanzo baada ya mtu kuambukizwa, kiwango hupanda hadi 0.0082 kwa tendo. Kukiwa na vidonda sehemu za siri, utafiti ule wa 2001 ulikuta 0.0041. Wingi wa virusi ndio uliamua zaidi: kati ya wanandoa 415 waliochambuliwa 2000, hakuna aliyeambukizwa na mwenza mwenye nakala za virusi chini ya 1,500 kwa mililita ya damu, ilhali pale zilipozidi 50,000 waliambukizwa watu 23 kwa kila 100 kwa mwaka. Maana yake kwa vitendo ni nzito. Aliyekuwa salama miaka mitano anaweza kuambukizwa mwaka wa sita kwa sababu tu mwenzake ameacha dawa, au amepata kidonda, na virusi vimepanda. Katika mwili wa yule aliyekuwa salama hakuna kilichobadilika, maana tangu mwanzo hakukuwa na kinga.

Ndiyo maana ushauri wa kliniki haumwulizi mtu jeni zake. Mwenye virusi aanze ARV mara moja. Asiye navyo ameze dawa kinga (PrEP), kidonge kimoja kila siku, mpaka mwenzake atimize angalau miezi sita ya dawa na kipimo kionyeshe virusi vimefubazwa, na wakati wote huo apime kila miezi mitatu. Katika utafiti uliofanyika Kenya na Uganda na kuchapishwa 2012, kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75 kati ya wanandoa wa hali tofauti. Kundi la damu O halimo katika hesabu hiyo.

Sasa kinga yenyewe ikoje? Mfano unaojulikana zaidi ni CCR5. VVU haviingii ndani ya seli kwa kuigusa tu. Protini ya nje ya kirusi hushika kwanza kipokezi, yaani protini iliyo juu ya seli, kiitwacho CD4, hubadilika umbo, kisha hutafuta kipokezi cha pili, ambacho mara nyingi ni CCR5. Mwaka 1996 watafiti waligundua kwamba baadhi ya watu wana jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32. Mwili husoma jeni herufi tatu tatu, na 32 haigawanyiki kwa 3, hivyo kuanzia pale penye pengo usomaji wote huvurugika, protini hukatika mapema na haifiki juu ya seli. Kirusi kinashika CD4 na kukosa pa kuendelea.

Maabara huuona upungufu huu bila taabu kubwa. Kipande hicho cha jeni hunakiliwa kwa PCR, kisha hupitishwa kwenye jeli yenye mkondo wa umeme, na kipande kifupi husafiri mbali zaidi. Mstari mmoja wa nyuma unaonyesha kwamba nakala zote mbili, ya baba na ya mama, ni kamili. Mstari mmoja wa mbele unaonyesha zote mbili zina pengo. Mistari miwili ina maana amerithi moja kamili na moja pungufu, na hapa wengi hukosea: mtu huyo anaambukizwa kama wengine, ingawa akishaambukizwa ugonjwa huelekea kwenda polepole. Ni nakala mbili pungufu ndizo zinazofunga njia, na hata hizo hufunga njia moja tu. Vipo virusi vinavyotumia kipokezi kingine, CXCR4, na vimewahi kuwaambukiza watu wenye nakala zote mbili pungufu. Aina ndogo D ya VVU, iliyoenea Uganda, huelekea kutumia CXCR4 mara nyingi kuliko aina A na C. Kwa sababu hiyohiyo dawa ya maraviroc, iliyoidhinishwa 2007 na inayoziba CCR5, haipaswi kuanzishwa kabla ya kupima kirusi cha mgonjwa kinatumia kipokezi kipi.

Kaskazini mwa Ulaya karibu asilimia 10 ya nakala za jeni hii ni pungufu, hivyo takriban mtu 1 kati ya 100 ana zote mbili. Kwa Waafrika wasio na asili ya Ulaya, karibu haipo kabisa. Msomaji wa Tandale au Kisumu anayesoma habari za Timothy Ray Brown, aliyepona VVU mjini Berlin baada ya kupandikizwa uloto wa mtu mwenye nakala mbili pungufu, anasoma habari ya aina ya jeni ambayo kwao karibu haipo. Na upandikizaji ule ulifanywa kwa sababu alikuwa na saratani ya damu. Ni tiba inayoua sehemu ya wanaoipata, na mtu anayeishi vizuri kwa kidonge kimoja kwa siku hana sababu ya kuikimbilia.

Kwa hiyo swali letu ni jingine: kama CCR5 pungufu si yetu, je, tuna yetu? Jibu lilianza kutafutwa Pumwani, Nairobi, 1985, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliposhirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada kufuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo. Frank Plummer na Elizabeth Ngugi walikuwa miongoni mwa walioijenga kazi hiyo. Katika ripoti ya 1996, wanawake 424 walioingia wakiwa hawana VVU walifuatiliwa, na 239 kati yao wakaambukizwa. Waliobaki walivuta macho ya dunia.

Ninachokithamini zaidi katika ripoti ile ni namna walivyoitenga bahati na kinga. Kama waliobaki walikuwa na bahati tu, hatari ya kuambukizwa ingekuwa ileile mwaka wa kwanza na mwaka wa tano kwa kila aliyebaki, kama ilivyo katika hesabu yetu ya 0.9989. Haikuwa hivyo. Kadiri mwanamke alivyozidi kukaa katika kazi hiyo bila kuambukizwa, ndivyo hatari yake ya baadaye ilivyopungua, na upungufu huo haukuelezwa na matumizi ya kondomu wala idadi ya wateja. Ina maana kundi lilikuwa na watu wa aina tofauti tangu mwanzo: wanaoambukizwa kirahisi walitoka mapema, wagumu wakabaki. Anayedai kuwa ana kinga kwa sababu amekaa miaka mingi bila kuambukizwa hana ushahidi wa namna hii. Ushahidi huu hupatikana kwa kundi kubwa linalofuatiliwa miaka mingi na kwa uaminifu.

Walipoichunguza damu ya wanawake hao, watafiti walianza na kilichotarajiwa: labda seli zao haziingiliki. Zilipowekewa virusi maabara, ziliambukizwa vizuri tu. Hawakukosa CCR5. Kilichopatikana ni mchanganyiko: wengine walikuwa na seli za kuua zinazotambua VVU ingawa hawakuwa na VVU, baadhi ya aina za jeni za HLA (zinazosaidia seli za kuua kutambua seli yenye kirusi) zilijitokeza zaidi kwao, na seli zao za kinga zenye CD4 zilikuwa tulivu kuliko za wengine. Utulivu huo ni jambo kubwa, kwa sababu VVU huzaliana vizuri katika seli iliyochangamka na hukwama katika iliyotulia. Kutokana na wazo hilo, watafiti wa Nairobi na Manitoba waliwapa wanawake wa Nairobi aspirini ya miligramu 81 kila siku kwa wiki sita, na seli ambazo VVU hulenga katika njia ya uzazi zikapungua. Hiyo si dawa ya kuzuia VVU, na asitokee wa kuacha PrEP kwa kumeza aspirini. Lakini ni mfano mzuri wa kazi ya elimu hii: mwili wa wachache unafundisha jinsi ya kuwalinda wengi.

Mwaka 2001 ikaja habari iliyowavunja moyo wengi. Baadhi ya wanawake wale "wasioambukizwa" waliambukizwa hatimaye, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokuwa wamepunguza au kusimamisha kazi kwa muda. Inaonekana sehemu ya kinga yao ilitunzwa na kukutana na kirusi mara kwa mara, ikafifia walipopumzika. Kwa hiyo hata pale ambapo kinga ilithibitishwa kwa takwimu, haikuwa ya kudumu wala ya jeni peke yake.

Kundi jingine hutajwa pamoja na hawa ingawa ni tofauti: watu walioambukizwa lakini miili yao inavibana virusi bila dawa. Hapa jeni zina sauti kubwa, hasa HLA-B. Protini za HLA ni kama sinia ambayo seli huinua juu ikiwa na vipande vya kilichomo ndani yake, ili seli za kuua zikague. Sinia ya HLA-B*57 hushika kipande cha ganda la ndani la VVU, sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha kirahisi. Kikiibadilisha ili kukwepa, kinadhoofika na kuzaliana polepole. Utafiti mkubwa wa 2010 ulionyesha kuwa tofauti kubwa kati ya wanaovibana virusi na wasiovibana iko katika viungo vichache tu vya asidi amino ndani ya shimo la sinia hiyo. Mtu wa aina hii bado ana VVU na bado anahitaji ARV.

Mpaka 2023, karibu kila kilichojulikana kuhusu jeni na wingi wa VVU kilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Mwaka huo jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa watu 3,879 wa asili ya Afrika, na ukaonyesha eneo katika kromosomu namba 1, karibu na jeni ya CHD1L, linaloambatana na virusi vichache mwilini. Tofauti hizo za kijeni zinapatikana kwa watu wa asili ya Afrika tu, na inakadiriwa asilimia 4 hadi 13 wanazo. Jeni hiyo ilipozimwa maabara katika makrofaji, ambazo ni seli za kinga zinazomeza vijidudu, VVU vilizaliana zaidi. Bara lenye waathirika wengi zaidi duniani lilisubiri zaidi ya miaka 25 baada ya CCR5 ili ugunduzi wa namna hii ufanyike kwa damu yake. Sioni sababu ya kisayansi ya kuchelewa huko. Sampuli zilikuwepo, fedha za kuzisoma ndizo hazikuelekezwa huko.

Kuhusu bei, wasomaji wetu wanaujua mfano wa sikoseli: nakala moja humkinga mtoto na malaria kali, mbili humletea ugonjwa. Kwa virusi ni hivyohivyo. CCR5 ambayo VVU huitumia kuingilia ndiyo inayosaidia kupeleka seli za kinga kwenye ubongo. Kirusi cha West Nile, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza 1937 katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, huwaumiza zaidi wenye nakala mbili pungufu. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliwakuta kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa wagonjwa wenye dalili. Ndiyo maana kitendo cha mtafiti He Jiankui nchini China, aliyetangaza 2018 kwamba amehariri CCR5 katika viinitete na watoto wakazaliwa kutokana navyo, kilikuwa kosa hata kabla ya kufika mahakamani: aliwatia watoto hatarini kwa faida ambayo kondomu na vidonge vinaitoa. Na kuna kipande kimoja cha kromosomu namba 3, kilichorithiwa kutoka kwa Neanderthali, binadamu wa kale waliotoweka, na ambacho karibu hakipo Afrika, kinachoongeza hatari ya UVIKO-19 mkali. Uchambuzi wa 2022 ulionyesha kuwa wenye kipande hichohicho wana hatari ya kupata VVU iliyopungua kwa asilimia 27.

Pengine mahali ambapo jeni zinawagusa watu wengi zaidi kwetu ni tumboni mwa watoto wachanga. Jeni ya FUT2 huamua kama ukuta wa utumbo utavaa aina fulani ya sukari. Mtu mmoja kati ya watano hivi ana nakala mbili zilizokatika, na hana sukari hiyo. Baadhi ya virusi vya kuhara, vikiwemo aina nyingi za norovirusi na rotavirusi ya aina P[8], huishika sukari hiyo ili viingie, kwa hiyo mtoto wa namna hii huviepuka. Anapoteza nini? Chanjo ya Rotarix, inayotolewa kwa matone katika wiki ya 6 na ya 10, imetengenezwa kwa rotavirusi hai iliyodhoofishwa ya P[8]. Kirusi cha chanjo kisipoingia, kinga haijengwi. Na Afrika kuna rotavirusi nyingi za P[6], ambazo huwapata hata watoto wasioshikwa na P[8]. Katika jaribio lililochapishwa 2010, chanjo hiyo ilizuia kuhara kukali kwa asilimia 76.9 Afrika Kusini lakini asilimia 49.4 Malawi. Jeni ni sehemu ya sababu. Kingamwili za mama, utapiamlo na chanjo ya polio ya matone inayotolewa siku hiyohiyo nazo zinatajwa. Kwa mzazi hakuna cha kubadilisha: mtoto apewe dozi zote za matone kwa wakati, kwa sababu nusu ya kinga katika nchi yenye vifo vingi vya kuhara huokoa watoto wengi kuliko asilimia kubwa katika nchi yenye vifo vichache. Wenye cha kubadilisha ni watengenezaji wa chanjo, ambao wanapaswa kuijaribu kwa watoto wa huku tangu hatua za mwanzo.

Homa ya ini C imeonyesha kwamba dawa nzuri inaweza kuifuta tofauti ya kurithi. Enzi ilipotibiwa kwa sindano za interferoni, Wamarekani weusi walipona kwa kiwango cha chini kuliko wazungu, na mwaka 2009 ikajulikana kwamba karibu nusu ya tofauti hiyo ilitokana na jeni za interferoni lamda. Vidonge vinavyokipiga kirusi moja kwa moja vilipoingia sokoni kuanzia mwisho wa 2013, zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona kwa wiki 12 hivi, na jeni hiyo haina tena kazi kubwa katika kuamua matibabu.

Kuna mahali pamoja ambapo kipimo cha jeni kina faida ya moja kwa moja kwa mgonjwa wa VVU wa Afrika Mashariki, na ni pale ambapo hakipatikani kwa urahisi. Miongoni mwa ndugu wa ile HLA-B*57 inayobana virusi, aina ya B*57:01 humfanya mtu apate mzio hatari wa dawa ya abacavir, inayoandikwa ABC kwenye kadi na inayotumika sana kwa watoto wadogo. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba Waafrika hawana B*57:01, na kweli Wayoruba wa Nigeria walipopimwa walikutwa na asilimia 0. Ilipopimwa Kenya, ilikuwa asilimia 3.3 kwa Waluhya na 13.6 kwa Wamasai.

Jaribio la 2008 lilionyesha kwamba kupima B*57:01 kabla ya kuanza dawa kuliondoa kabisa mzio uliothibitishwa na vipimo vya kinga. Pale ambapo kipimo hakipo, kinga iliyobaki ni macho ya mhudumu na ya mzazi. Mzio huanza mara nyingi ndani ya wiki sita za mwanzo: homa, vipele, kutapika au kuhara, kikohozi au kushindwa kupumua, na kila dozi huzidisha dalili. Dalili mbili au zaidi zikijitokeza pamoja, mrudishe mtoto kituoni siku hiyohiyo, na uamuzi wa kusimamisha uwe wa daktari, kwa sababu homa na kikohozi vinaweza kuwa malaria au nimonia tu. Ikithibitika ni abacavir, dawa hiyo isirudishwe tena maishani, hata dozi moja ya kujaribu, maana mzio wa mara ya pili hutokea ndani ya saa chache na unaweza kuua. Iandikwe kwa herufi kubwa juu ya kadi ya kliniki, na mzazi aijue kwa jina, ili akihamia kituo kingine aitaje kabla hajapewa dawa.